Kuzuia hongo kwenye biashara ya dawa na vifaa vya hospitali: mwongozo wa anayeanza, Malindi hadi Lamu

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila nikipokea mtu mpya kazini au kila kampuni ndogo ya huku pwani ikipata mshirika wa nje. "Nikiombwa ya chai nifanyeje?" "Halua ya Idi nayo ni hongo?" "Ajenti akitoa mwenyewe, mimi nimo?" "Sisi ni watu sita tu, haya si mambo ya makampuni makubwa?" Mimi niko kwenye usambazaji wa vifaa vya maabara na dawa za baridi (zile zinazokaa kwenye friji), ofisi iko Malindi, mzigo unaenda mpaka Faza na Kizingitini, na kampuni mama iko Uingereza. Nitasema vile tunavyofanya, na pale tulipoumia pia nitasema.

Nianze na tulipoumia. Kijana wetu, miezi miwili kazini, amekaa gatini Mokowe na sanduku la insulini. Insulini inataka nyuzijoto 2 mpaka 8, kipimajoto cha sanduku kinasoma 6.8, jua ni la saa saba, boti imewashwa tayari, na mtu mwenye sare anamwambia karatasi zina shida ila si shida kubwa, "tutaelewana tu". Akanipigia mara tatu, mimi niko msikitini simu nimezima sauti. Nilipotoka nikampigia, akaniambia ashatoa elfu mbili za mfukoni mwake, kipimajoto kilishafika 7.4 akaogopa dawa za watu zitaharibika. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Na karatasi zilikuwa sawa zote!

Yule kijana si mwizi. Sisi ofisini ndo tulimtuma na uamuzi mzito mikononi, peke yake, dawa zinapata moto, bila hata sentensi moja ya kusema. Hatua zote hapa chini zinafanya kazi moja tu, kwamba mtu wako asifike gatini akaanza kuamua. Uamuzi uwe ushafanywa ofisini, umeandikwa, na yeye anausoma tu.

Sheria, kwa kifupi tu

Kenya tuna Sheria ya Hongo ya 2016. Anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na hata kuahidi tu ni kosa. Adhabu ya mtu binafsi inafika miaka 10 jela au faini ya milioni 5 au vyote viwili, na faida uliyopata inaweza kupigwa faini mara tano juu yake. Kampuni binafsi inatakiwa iwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake na kazi yake, kwa hiyo "sisi ni wadogo" haikutoi, inamaanisha tu taratibu zako zitakuwa fupi. Na mtu yeyote mwenye mamlaka kwenye kampuni akijua au akishuku hongo anatakiwa aripoti EACC (Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi) ndani ya masaa 24.

Ukiwa na mshirika Uingereza, sheria yao ya 2010 inaishika kampuni kwa kushindwa tu kuzuia hongo inayotolewa na anayeifanyia kazi popote duniani, Lamu ikiwemo, na kitu kidogo cha kuharakisha mambo hakina msamaha. Sheria ya Marekani ya 1977 ina mwanya mwembamba kwa vile vidogo vya kuharakisha, watu wanaupenda sana huo mwanya, lakini wewe uko Kenya na sheria ya Kenya haina. Usiutegemee.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Mtu mmoja mwenye jina (si "menejimenti") ambaye simu yake inapokelewa saa yoyote, na wa pili wa kumshikia akiwa anaswali, amelala au yuko baharini.
- Daftari moja gumu au faili ya Excel ya zawadi na maombi.
- Folda za plastiki zisizoingia maji, moja kwa kila safari.
- Orodha ya malipo yote halali ya serikali mnayolipa, na njia ya kulipa kila moja.
- Mwenye kampuni aliye tayari kupoteza mauzo. Kama hayuko tayari usiendelee kusoma, kamtafute kwanza mzungumze, maana bila yeye haya yote ni karatasi na wafanyakazi watajua siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Fuata mzigo kwa miguu

Usianze kuandika sera. Chukua katoni moja ya mzigo wenu kichwani uifuate kutoka inapotoka kiwandani nje, bandari ya Kilindini au uwanja wa ndege, kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, stoo, barabara ya Garsen na Witu, gati, boti, mpaka mkononi mwa anayesaini hospitali. Kila mahali mtu anapoweza kusema "ngoja" weka alama. Kisha fanya hivyo hivyo na pesa, kutoka tenda mpaka siku hospitali inakulipa. Sisi tulipata alama 14, tulikuwa tunadhani ni nne.

Fanya na dereva, nahodha na mtu wa stoo wakiwa wamekaa hapo. Mhasibu hajui kinachotokea kizuizini usiku.

Hatua ya 2: Kalenda ya vibali

Hii watu wanairuka na mimi naiona ndo ya maana kushinda zote. Hongo nyingi zinazaliwa na kuchelewa kwetu wenyewe. Leseni inaisha Ijumaa, wewe unakumbuka Jumatano, sasa mtu akikwambia "naweza kukusaidia ipite leo" utakataa vipi? Weka kila leseni na kila kibali kwenye kalenda na uanze kushughulikia miezi mitatu kabla. Mtu ambaye hana haraka ni mgumu sana kumwomba chai.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja wa Kiswahili

Kampuni mama itakutumia kitabu cha kurasa arobaini cha Kiingereza. Kiweke ofisini, ni kizuri, ila kijana wa boti hatakisoma. Andika ukurasa mmoja tu wa Kiswahili mtu anaoelewa akiwa amesimama juani. Wetu unasema hivi:

1. Hatutoi pesa wala kitu ili tupate, tuharakishe au tulinde biashara. Hata kidogo, hata pesa ya mfukoni mwako.
2. Jina lake likiwa chai, soda, mafuta ya boti, kitu kidogo, sadaka au ahsante, ni ile ile.
3. Malipo ya serikali yanalipwa na ofisi, kwa njia rasmi, na risiti.
4. Ukiombwa, piga simu. Mzigo ukichelewa au ukiharibika kwa sababu ulikataa, hukatwi mshahara na hufukuzwi.
5. Ukitishiwa maisha au mwili, toa, ondoka salama, kisha utuambie siku hiyo hiyo.

Namba 4 ndo inayofanya kazi. Mwenye kampuni aisaini kwa mkono wake na aisome kwa mdomo wake mbele ya wafanyakazi. Nilimwona nahodha mmoja mtu mzima akaiomba isomwe mara ya pili, akauliza, "hata insulini yote ikiharibika?" Bosi akasema ndio, hata yote. Hapo ndo akaamini.

Hatua ya 4: Ajenti na madalali

Anayefanya kazi kwa niaba yako ni mkono wako. Wakala wa forodha, ajenti wa mauzo, yule mtu "anayewajua watu wa kaunti", akitoa hongo ili wewe upate biashara kampuni yako inaguswa. Kabla ya kusaini naye omba PIN ya KRA (namba yake ya kodi), cheti cha usajili na CR12 inayoonyesha wenye kampuni ni nani. Isome CR12 taratibu. Huku sisi ni watu wa kujuana, ukoo ni mmoja, kuwa binamu wa mtu si kosa ila binamu wa mtu wa ofisi ya ununuzi ya hospitali akiwa mkurugenzi kwenye kampuni ya ajenti hiyo lazima iandikwe na pengine umuache.

Kamisheni iandikwe. Akitaka asilimia kubwa kuliko wenzake muulize ile ziada inafanya kazi gani, na jibu likiwa "wewe niachie mimi, mambo ya huku nayajua" basi ushajibiwa. Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni yake tu, si M-Pesa ya mtu, si akaunti ya nchi nyingine.

Hatua ya 5: Madaktari, manesi na watu wa maabara

Hapa nitakaa kidogo, biashara yetu inaharibikia hapa kuliko gatini. Gatini ni elfu mbili. Hapa ni mgonjwa kuandikiwa dawa ya bei kwa sababu mwandikaji alipelekwa hoteli.

Mnakumbuka ya GlaxoSmithKline, kampuni ya dawa ya Uingereza, kule China? Mwaka 2014 walipigwa faini ya yuan bilioni 3 kwa kuwahonga madaktari na hospitali ili dawa zao ziandikwe, na pesa nyingine zilipitishiwa kwa makampuni ya usafiri, mikutano ambayo haikuwepo. Fresenius, wale wa mashine za figo, mwaka 2019 walikubali kulipa Marekani dola milioni 231 kwa mambo ya nchi kadhaa, Angola na Saudi Arabia zikiwemo, kulikuwa na mikataba ya ushauri ambayo ushauri wenyewe haukufanyika. Ukiangalia hakuna mahali pameandikwa "hongo" kwenye vitabu vyao. Imeandikwa semina, ushauri, usafiri. Ndo maana nasema angalieni majina haya haya kwenye vitabu vyenu.

Kwa hiyo:

- Semina. Barua inaenda kwa hospitali, hospitali ndo inachagua nani aende. Unalipa nauli na hoteli moja kwa moja, humpi mtu pesa mkononi. Mke na watoto hawamo. Semina ya asubuhi moja halafu siku tatu za ufuoni Watamu, hiyo si semina.
- Ushauri. Kazi iwepo kweli, iandikwe kabla, na uwe na kitu cha kushika baada ya kazi, ripoti au orodha ya waliofundishwa.
- Sampuli. Zinasainiwa stoo ya dawa, si kwenye droo ya daktari.
- Mashine ya bure. Ile ya kuweka mashine maabara bila pesa halafu reajenti (kemikali za kupimia) wananunua kwako. Si haramu yenyewe, inasaidia hospitali isiyo na mtaji, lakini mkataba uwe na hospitali kupitia ofisi ya ununuzi, bei ya reajenti iandikwe humo, na tarehe ya mwisho iwepo. Mashine isiwe zawadi ya mkuu wa maabara.
- Msaada. Huku Malindi kuna Wataliano na wafadhili wengi wenye moyo mzuri wanataka kutoa kitanda, kiti cha magurudumu, dawa. Toa kwa hospitali, kwa barua, na udai fomu ya S13 ya stoo kuonyesha kimepokelewa. Na usitoe msaada wakati tenda yako iko mezani pale pale, subiri iamuliwe.

Halua nayo? Sinia ya halua Idi inayowekwa mezani wadi nzima inakula, kahawa ya mgeni, kalenda yenye jina la kampuni, hizo sisi tunaruhusu na tunaziandika. Bahasha hapana, hata Idi, hata msibani. Msiba wa mtu wa ofisi ya ununuzi utaenda kama jirani, utatoa chako cha kawaida unachowatolea wote, lakini kampuni haitoi. Najua hili linauma, kwetu kukosa kusaidia msiba ni aibu kubwa. Ndo maana tunamwambia mtu mapema, kabla msiba haujatokea, ili asione ni yeye tumemkataa.

Hatua ya 6: Ziba njia za pesa

Malipo ya serikali kuu yapitie eCitizen, Paybill 222222, yalipwe na ofisi kabla ya safari na risiti ichapishwe iwekwe kwenye folda. Ya kaunti yapitie njia ya kaunti na risiti yake. Anayesafiri abebe pesa ya chakula na nauli tu. Mtu asiye na pesa mfukoni anasema kweli anaposema hana.

Petikashi (pesa ndogo za matumizi ya ofisi) isiwe na mstari wa "mengineyo". Ukiona "mengineyo 1,500" kila wiki, au "usaidizi", au risiti za mafuta zenye namba zinazofuatana wakati safari zilikuwa wiki tofauti, kaa na mtu umuulize kwa upole.

Hatua ya 7: Maneno ya gatini

Fanyeni mazoezi kwa sauti, wawili wawili. Mtu anaona haya mara ya kwanza, ya tatu inatoka yenyewe. Sisi tunafundisha hivi:

"Mkubwa, shikamoo. Karatasi ni hizi, zote zimelipiwa, risiti hii hapa."
"Kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini tunaweza kuelewana."
"Naomba unionyeshe ni ipi, ofisi yangu itarekebisha leo hii. Kama kuna malipo naomba niandikiwe, ofisi inalipa kwa risiti. Mimi kampuni hainiruhusu kushika pesa, nitapoteza kazi."
"Kijana, hizo dawa zitaharibika."
"Najua mkubwa. Barafu ninayo ya kunifikisha usiku. Nakusubiri hapa."

Ona hakubishana, hakumwita mtu mwizi, hakutoa simu kumrekodi. Heshima iko pale pale. Na hiyo sentensi ya barafu si maneno tu. Tunapakia barafu ya masaa manane zaidi ya safari, kila safari. Inaongeza uzito, nahodha wanalalamika, lakini tangu tuanze kipimajoto si silaha tena ya mtu mwingine.

Kisha anapiga simu, na wewe unapokea. Mara nyingi inatosha kusikika unasema "muulize jina lake niandike nani ninamletea karatasi".

Hatua ya 8: Daftari na mlango wa kusemea

Kila ombi, hata lililokataliwa, linaandikwa siku hiyo: tarehe, mahali, kilichosemwa, kilichofanywa. Kila miezi mitatu msome. Ukiona kituo kimoja kinajirudia, andika barua ya heshima kwa mkubwa wao ueleze ucheleweshaji. Kuripoti EACC simu ya bure ni 1551, tovuti yao ina njia ya kuripoti bila jina, na Malindi wana ofisi. Na mwambie kila mfanyakazi kwamba sheria inamlinda anayetoa taarifa, anayemtisha au kumsumbua anaweza kupata faini hadi milioni 1 au mwaka mmoja jela au vyote.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuwafundisha wafanyakazi na kumuacha mwenye kampuni. Yeye ndo anaitwa kwenye chakula cha jioni.

Kuweka lengo la mauzo lisilofikika halafu kumwambia mtu asihonge. Ushamwambia ahonge.

Kumpa ajenti kazi chafu ili mikono yako ibaki safi. Haibaki.

Kusahau hongo inayoingia ndani. Mtu wako wa stoo anapewa kitu na muuzaji ili apokee dawa zinazokaribia kuisha muda, au mhudumu wa kliniki yenu anawatoza akina mama kwa huduma ya bure. Bandikeni bei ukutani, kwa Kiswahili, na neno BURE liandikwe kubwa.

Ikikwama

*Mzigo umezuiwa siku ya pili na sababu haijaandikwa.* Omba sababu kwa maandishi, panda ngazi kwa mkubwa wake, ijulishe hospitali inayosubiri ili nao wapige simu. Dawa za baridi zirudishe kwenye friji iliyo karibu, usizikalishe gatini kwa kushindana.

*Tumepoteza tenda na tunajua aliyeshinda alitoa.* Kujua si ushahidi. Omba sababu za kukosa kwa maandishi, na ukiona utaratibu ulivunjwa kuna Bodi ya Rufaa ya Ununuzi, lakini una siku 14 tu tangu ulipojulishwa, usizimalize kwa kulalamika barazani.

*Mtu wa kampuni mama anasema "fanyeni vile watu wa huko wanafanya".* Mjibu kwa barua pepe umuombe aandike anamaanisha nini. Sijaona aliyeandika.

*Bosi mwenyewe ndo anatoa.* Hii ngumu na sitakudanganya. Weka nakala za ulichokiona mahali salama, usisaini malipo ambayo huyajui, tumia njia ya kampuni mama kama ipo, au ile ya EACC isiyo na jina. Zungumza na wakili kabla hujazungumza na wenzako wa ofisini.

*Tumeshatoa tayari.* Sema leo. Usiandike "usafiri" kwenye vitabu, hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Andika kilichotokea kama kilivyotokea, mpigie wakili na kampuni mama, ripoti ndani ya yale masaa 24. Yule kijana wa Mokowe hatukumrudishia elfu mbili zake, kwa sababu tukimrudishia inakuwa kampuni ndo imetoa, na hilo liliniuma mimi kumwambia kuliko lilivyomuuma yeye kusikia. Tuliripoti, tukaandika kosa ni la ofisi, kazi yake ikabaki. Ukija kwetu kuanza kazi yeye ndo atakayekufanyisha yale mazoezi ya hatua ya 7, yeye anakuwa mwenye sare.